Karakana iliyofungwa inauzwa: Ni mali au ni mzigo?

KATIKA miji ya wakulima ya Bonde la Ufa kama vile Nakuru, Eldoret na Kitale, karakana ndogo za kufufua vipuri vya matrekta makuukuu zimekuwa sehemu ya kilimo kwa miaka mingi. Baadhi yazo zimefungwa. Mwenyewe amefariki, amezeeka, amelemewa na madeni au wateja wamemhama. Mashine zimefunikwa turubai, rafu zimejaa vipuri na vumbi, na jamaa wa mwenye mali wanatafuta mnunuzi.

Kwa mtu aliyestaafu na kupokea kiinua mgongo, mkulima aliyeuza mazao vizuri, au fundi kijana aliyepata mkopo wa chama cha ushirika, nafasi kama hii huvutia. Mitambo ipo, jina linajulikana na bei inaonekana nafuu ikilinganishwa na kuanza upya. Hata hivyo, akiba ya miaka 20 inaweza kuzama humo katika misimu miwili ya upanzi.

Suala hili halimhusu mnunuzi pekee. Katika kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia, mahindi hupandwa mvua ya masika inapoanza, aghalabu Machi na Aprili. Trekta likikataa kuwaka wiki hiyo kwa sababu ya pampu ya dizeli, mwenyewe hana nafasi ya kungoja kipuri kije kwa meli. Karakana inayoweza kumrudishia pampu kwa siku mbili ina thamani kubwa kwake. Swali ni iwapo thamani hiyo inatosha kuilisha karakana mwaka mzima, au ni ya wiki chache tu.

Jibu hutegemea mambo matatu ambayo hayaonekani mtu akichungulia mlangoni: sababu iliyoiua biashara, pengo kati ya bei ya kipuri kipya na gharama ya kufufua kile cha zamani, na mikono iliyokuwa ikifanya kazi yenyewe. Mitambo huja baada ya hayo.

Mashine huishi kuliko kiwanda

Wapo wanaodhani kuwa kiwanda kikifungwa, biashara ya vipuri vyake nayo imekwisha. Historia inaonyesha vingine. Trekta la Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, liliundwa Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na AGCO ya Marekani mwaka wa 1994, na kiwanda chake cha Banner Lane mjini Coventry kilifungwa mwaka wa 2003. Matrekta hayo bado yanalima. Kiwanda cha David Brown kule Meltham kilifungwa mwaka wa 1988, lakini wamiliki wa matrekta yake waliendelea kutafuta vipuri miaka mingi baadaye.

Katika magari mambo ni yale yale. Kampuni ya MG Rover ya Uingereza ilipoanguka Aprili 2005, biashara yake ya vipuri ilikuwa imekwishauzwa kwa Caterpillar mwaka mmoja kabla, na ikaendelea kuhudumia magari yaliyobaki barabarani. Saab ya Uswidi ilipofilisika Desemba 2011, kampuni tanzu yake ya vipuri ilinusurika na baadaye ikabadilishwa jina kuwa Orio.

Funzo ni kuwa soko la vipuri hufuata idadi ya mashine zilizo hai, wala si uhai wa kampuni iliyoziunda. Mnunuzi anapaswa kuanza kwa kuhesabu matrekta yanayofanya kazi katika eneo ambalo mkulima anaweza kuleta pampu asubuhi na kurudi nayo nyumbani kabla ya giza. Hesabu hiyo haipatikani ofisini. Hupatikana kwa kuzunguka vituo vya mafuta, maduka ya pembejeo na vyama vya wakulima, na kwa kuuliza wenye matrekta ya kukodisha, ambao hulima ekari nyingi na kuharibikiwa mara nyingi.

Bei ya kipuri kipya ndiyo dari

Wingi wa matrekta hautoshi. Muundo wa Massey Ferguson uliendelea kuundwa kwa leseni India na kampuni ya TAFE ya Chennai, iliyoanzishwa mwaka wa 1960, na Pakistan na kampuni ya Millat ya Lahore, inayounda matrekta kama MF 240 na MF 385. Kutokana na hilo, vipuri vingi vinavyoingiana na matrekta ya zamani hupatikana vikiwa vipya madukani, tena kwa bei ya chini kuliko vile vya Ulaya. Pampu ya aina ya DPA, iliyobuniwa na CAV ya Uingereza na kutumiwa katika injini nyingi za Perkins, nayo imeundwa India kwa miaka mingi.

Hapo ndipo karakana ya kufufua hubanwa. Haiwezi kutoza zaidi ya bei ya kipuri kipya, na kwa kweli haiwezi kuikaribia. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mkulima akiambiwa pampu iliyofufuliwa ni Sh40,000 na mpya ya kuagizwa ni Sh45,000, atachukua mpya hata kama ile ya zamani ni imara zaidi. Ni lazima tofauti iwe kubwa kiasi cha kumshawishi avumilie kitu kilichokwisha kutumika.

Isitoshe, dari hilo hupanda na kushuka pamoja na shilingi. Mnamo Januari 2024, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya Sh160. Kufikia Agosti mwaka huo, ilikuwa imerudi karibu na Sh129. Vipuri vya kuagizwa vilipokuwa ghali, waliofufua vya zamani walipata nafasi ya kupumua. Shilingi ilipopata nguvu, nafasi hiyo ikapungua. Muuzaji akionyesha stakabadhi za miezi ambayo dola ilikuwa juu, mnunuzi aulize pia zile za miezi ambayo ilikuwa chini.

Kuna fumbo hapa ambalo kila anayetaka kuingia katika biashara finyu kama hii sharti alifumbue. Trekta lililoenea, kama MF 135, lina wateja wengi lakini vipuri vyake vipya ni rahisi kupata. Trekta adimu, kama David Brown, halina vipuri vipya kwa urahisi, kwa hivyo mwenyewe atalipa vizuri apatapo fundi. Lakini wenye matrekta hayo ni wachache na hupungua kila mwaka. Karakana yenye faida hukaa katikati: mashine zilizo nyingi kiasi, ambazo vipuri vyake vipya ni ghali au huchukua muda mrefu kufika. Karakana isiyoweza kutaja wazi mashine hizo ni zipi, ilikuwa ikifanya kila kazi iliyoingia mlangoni, na pengine ndiyo sababu ilifungwa.

Ilikufa kwa nini?

Biashara hufa kwa njia nyingi, lakini kwa mnunuzi zinatosha tatu.

Ya kwanza ni kufa kwa mwenyewe, au kuzeeka kwake. Alifanya kazi vizuri, wateja walikuwepo, lakini hakuwa na mtu wa kumrithi. Karakana ya namna hii inaweza kufufuka, mradi isikae imefungwa muda mrefu. Mkulima aliyepitisha misimu miwili ya upanzi bila huduma yake amekwisha kupata fundi mwingine, na hatarudi kwa sababu kibao kimepakwa rangi upya.

Ya pili ni kufa kwa usimamizi mbaya. Kazi ilikuwepo, lakini fedha ziliondolewa kulipia mambo mengine, wateja walikopeshwa bila kumbukumbu, au kodi haikulipwa. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa na watu hawa akilini. Biashara kama hii yaweza kununuliwa, lakini kwa bei ya vifaa tu, na kwa tahadhari kubwa kuhusu madeni.

Ya tatu ni kufa kwa soko. Hii ndiyo hatari zaidi kwa sababu mara nyingi hufichwa na sababu mbili za kwanza. Mzee amestaafu, ni kweli, lakini pengine amestaafu kwa sababu pampu zilizokuwa zikija kumi kwa wiki zilibaki mbili. Karakana iliyouawa na soko ni ghali hata ikitolewa bure, kwa kuwa mnunuzi ataendelea kulipa kodi ya jengo akingoja wateja wasiokuja.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi soko linavyoweza kuhama kimyakimya. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Vyuma vyake vya ndani hukaribiana kwa kipimo cha mikroni chache tu, yaani sehemu ndogo sana kuliko unene wa unywele. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini hupungua na vyuma hulika upesi. Kwa miaka mingi nchini Kenya mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara walaghai wakapata faida kwa kuyachanganya. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2018 iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuikata faida hiyo.

Kwa mwenye trekta hiyo ilikuwa habari njema. Kwa fundi wa pampu, ilimaanisha chanzo kimoja cha kazi kilikuwa kimepigwa pigo. Mnunuzi anayeonyeshwa daftari la mapato la kabla ya 2018 hana budi kujiuliza ni pampu ngapi kati ya zile ziliharibiwa na uchakavu wa kawaida, na ngapi ziliharibiwa na mafuta machafu.

Kadhalika, matrekta makubwa ya kisasa hutumia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa. Mashine ya zamani ya kupimia pampu haiwezi kuuhudumia. Matrekta madogo na ya wastani yenye pampu za kawaida yataendelea kuwepo kwa miaka, lakini mnunuzi ajue kuwa ananunua kisima ambacho maji yake hupungua. Bei anayotoa ionyeshe hilo.

Vilivyo kwenye rafu si vyote vya muuzaji

Rafu zilizojaa humdanganya mgeni. Muuzaji huorodhesha kila kipuri kwa bei ya dukani, kisha hujumlisha. Njia bora ni kuvigawa katika mafungu matatu: vilivyouzwa au kutumika katika miaka miwili ya mwisho ya kazi, vile vinavyotoka mara moja moja, na vile ambavyo havijaguswa kwa miaka. Fungu la kwanza linastahili bei karibu na ya jumla. La pili ni robo yake au chini. La tatu huuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na hata hapo ikumbukwe kuwa biashara ya vyuma chakavu Kenya huhitaji leseni chini ya sheria ya mwaka wa 2015.

Mipira ya kuzuia mvujo huzeeka hata ikiwa haijatumika. Nozeli zilizokaa bila kupakwa mafuta hushika kutu. Kipuri kilicho ndani ya kasha lake la zamani huenda kisifae kitu.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Pampu zenye vibandiko vya majina zilizo kwenye rafu ni za wakulima waliozileta kutengenezwa. Mwenye karakana hawezi kuziuza kama zake kwa sababu tu wenyewe wamechelewa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa (Sura ya 38) huweka utaratibu, ikiwemo kumpa mwenye mali notisi, kabla ya kitu kama hicho kuuzwa. Mnunuzi anayezijumlisha katika bei ananunua kesi. Vilevile, wakulima waliolipa amana ya kazi ambayo haikufanywa watakuja kuidai mlango utakapofunguliwa, na hawatataka kusikia kuwa mwenyewe amebadilika.

Kuna pia mwenye jengo. Ikiwa karakana ilifungwa ikidaiwa kodi, sheria humpa mwenye jengo nafasi ya kukamata mali iliyomo ili kujilipa. Kwa hivyo mnunuzi azungumze naye kabla ya kulipa chochote, apate kwa maandishi kiasi cha deni na iwapo atakubali mpangaji mpya, kwa kodi gani na kwa miaka mingapi.

Fundi na daftari

Mashine ya kupimia pampu ni chuma tu bila mtu anayeijua. Kurekebisha pampu ya DPA ni kazi ya sikio, macho na uzoefu: kujua kichwa cha pampu kilicholika kinaweza kuokolewa au la, kusoma kiasi cha dizeli kinachotoka kwa kila silinda, na kujua ni vipimo gani vinafaa injini gani. Majedwali ya vipimo hivyo, ikiwa yapo kwenye karakana, yanaweza kuwa na thamani kuliko nusu ya rafu.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe: fundi aliyekuwa akifanya kazi hii yuko wapi sasa? Akiwa amefungua kibanda chake mtaa wa pili, basi biashara haikufa, ilihama naye. Kinachouzwa ni ganda. Mnunuzi mwenye busara ataenda kwenye kibanda hicho na kuzungumza na fundi kabla ya kuzungumza tena na muuzaji. Pengine ushirikiano, ambapo mmoja analeta mtaji na mitambo na mwingine ujuzi na wateja, utawafaa wote wawili.

Fundi akikubali kurudi, bado kuna hatari ya kumtegemea mtu mmoja. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Karakana inayotaka kuishi sharti iwe na vijana wanaojifunza, kuanzia kuosha na kufungua pampu hadi kuipima. Mnunuzi aulize iwapo kulikuwa na wanafunzi wa kazi, na kama wapo, aulize wanajua kiasi gani.

Daftari la wateja nalo lipimwe kwa simu. Mnunuzi achague majina 20 bila mpango na kuwapigia. Aulize mambo matatu: bado una trekta lile? Tangu karakana ifungwe umekuwa ukipeleka wapi? Ungerudi? Majibu hayo 20 yatamwambia zaidi ya hotuba yoyote ya muuzaji. Namba ya simu iliyotumiwa na karakana kwa miaka ni mali pia, na iandikwe katika mkataba, kwa kuwa wakulima wengi hupiga simu kabla ya kuanza safari.

Mwisho, kabla ya bei kujadiliwa, mnunuzi alete pampu moja mbovu na aombe ifufuliwe mbele yake, kwa mashine ile ile na mikono ile ile. Mitambo ikikataa kuwaka au fundi akisema wembe umeshapotea makali, hilo lijulikane mapema.

Hesabu ya mfano

Hebu tuseme muuzaji anataka Sh3 milioni. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu. Kila mnunuzi aweke za kwake. Muuzaji amegawa bei hivi: mitambo Sh1.2 milioni, vipuri Sh1.3 milioni, jina na wateja Sh500,000.

Mnunuzi anapima upya. Mitambo ikiuzwa haraka ingeleta Sh700,000, lakini inahitaji matengenezo ya Sh150,000, inabaki Sh550,000. Vipuri vinavyotoka ni vya Sh300,000. Vinavyotoka mara moja moja viliandikwa Sh400,000, robo yake ni Sh100,000. Vilivyobaki ni chakavu cha Sh20,000. Jumla ya vipuri ni Sh420,000. Kwa hivyo, bila kuhesabu jina, karakana ina thamani ya Sh970,000.

Sasa mapato. Kufufua pampu moja kunatozwa Sh25,000. Vipuri vinavyotumika ni Sh11,000 na malipo ya fundi Sh4,000. Pampu moja kati ya kumi hurudi kwa dhamana ya kazi na kurudiwa kwa Sh15,000 nyingine, ambayo ni wastani wa Sh1,500 kwa kila pampu. Kinachobaki ni Sh8,500.

Kodi ya jengo, stima, mlinzi, simu na leseni ni Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000 kwa mwaka. Mwenye karakana naye anahitaji kula. Akijilipa Sh40,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh480,000. Jumla ni Sh1.2 milioni. Kuigawanya kwa Sh8,500 kunaonyesha kuwa karakana inahitaji pampu 142 kwa mwaka ili isipate hasara.

Daftari likionyesha pampu 180 katika mwaka mzuri, ziada ni Sh330,000. Aliyenunua kwa Sh970,000 atarudisha fedha zake kwa takriban miaka mitatu. Aliyenunua kwa Sh3 milioni atangoja zaidi ya miaka tisa, katika biashara ambayo mashine zake hupungua. Na kama mwaka wa mwisho ulikuwa na pampu 110, kuna pengo la Sh265,000 ambalo litajazwa kutoka mfukoni.

Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni bei. Shilingi ikipata nguvu, pampu mpya zikashuka bei na karakana ikalazimika kutoza Sh22,000 badala ya Sh25,000, kinachobaki kwa pampu ni Sh5,500. Sasa zinahitajika pampu 219 badala ya 142. Punguzo la asilimia 12 katika bei limeongeza kazi inayohitajika kwa zaidi ya nusu. Mnunuzi ambaye hajafanya hesabu hii hajui anachonunua.

Fauka ya hayo, fedha haziingii sawasawa. Kazi hujaa kabla ya kulima na kabla ya kuvuna, kisha miezi mingine hupita kimya. Mkulima aliye shambani hataki kungoja. Anataka kuacha pampu mbovu na kuondoka na iliyofufuliwa papo hapo. Kuwa na pampu 15 tayari kwa kubadilishana, kwa gharama ya Sh15,000 kila moja, ni Sh225,000 zinazolala kwenye rafu, bila kuhesabu bei ya pampu zenyewe za zamani. Mtaji huo uongezwe juu ya bei ya kununulia. Anayetumia akiba yake yote kumlipa muuzaji atafungua milango akiwa hana fedha za kununua nozeli.

Karatasi kabla ya funguo

Ikiwa mwenye karakana amefariki, jamaa wanaouza sharti wawe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Sheria ya Urithi (Sura ya 160) hukataza mtu asiye na idhini kuingilia mali ya marehemu. Mjane au kijana anayeonyesha funguo za mlango, hata kama ni mwaminifu, bado si muuzaji kisheria.

Kuhusu mikopo, mitambo inaweza kuwa imewekwa rehani benki. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017 iliunda rejista ambako mkopeshaji huandikisha haki yake. Mnunuzi aitafute humo kabla ya kulipa.

Kwa upande wa madeni mengine, Sheria ya Uhamishaji wa Biashara (Sura ya 500) hudai notisi ya uhamisho itangazwe, ikiwemo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Anayechukua biashara bila notisi hiyo anaweza kubebeshwa madeni ya aliyemtangulia. Ndiyo maana ni salama zaidi kununua vifaa vilivyoorodheshwa kimoja kimoja kuliko kununua kampuni nzima na historia yake, na kumlipa wakili achunguze mkataba. Ada ya wakili ni ndogo kuliko deni la kodi la mtu mwingine.

Ofa ya busara

Mnunuzi aliyefanya kazi hii yote hahitaji kukubali au kukataa bei aliyotajiwa. Anaweza kulipa thamani ya vifaa sasa, na jina alilipie baadaye kwa sehemu ya mapato ya misimu miwili ya kwanza, iwapo wateja watarudi kweli. Muuzaji anayeamini jina lake bado lina nguvu hatakuwa na sababu ya kukataa. Anayekataa katakata huenda anajua jambo ambalo hajalisema.

Anaweza pia kukodi karakana kwa mwaka mmoja akiwa na haki ya kuinunua kwa bei iliyokubaliwa. Mwaka mmoja unatosha kuhesabu pampu zinazoingia, kuona zinazorudi na kujua kama fundi ni mtu wa kudumu. Iwapo hesabu hazilingani, hasara ni kodi ya mwaka. Na pengine akagundua kuwa kinachofaa kununuliwa ni mashine ya kupimia pekee, akaihamishia karibu na wakulima wanaoihitaji.

Wakulima wenye matrekta ya zamani wanahitaji karakana hizi, na zikiisha zote, gharama yao ya kulima itapanda. Hata hivyo, hitaji la mkulima si sawa na uwezo wake wa kulipa, na huruma haijazi pengo la Sh265,000. Ikiwa sababu ya kufungwa inaeleweka, fundi yupo, na pampu zinazohitajika kwa mwaka ni chache kuliko zile wateja wanaweza kuleta, karakana inafaa kununuliwa kwa bei ya vifaa na zaidi kidogo. Lolote kati ya hayo matatu likikosekana, mnunuzi aiache na aweke fedha zake pengine.